Mpira wa Rejeta na Safari ya Posa

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila ninapofunua boneti ya gari. Nilikuwa kijana wa Nkuhungu, Dodoma, nina gari kuukuu nililolipenda kupita kiasi. Nimezunguka sana tangu wakati huo, Singida, Tabora, mpaka Kigoma, lakini safari iliyonifunza ni ile ya kwenda Kondoa kuposa.

Mshenga wangu alikuwa Mjomba Ndahani, aliyezeekea kwenye ufundi wa magari pale Ipagala. Kwa desturi, mwenye kuposa haingii kwa wakwe siku hiyo. Basi mimi nilikwenda kama dereva tu, nibaki nje na gari langu. Tulikuwa tumeahidi kufika kabla ya chakula cha mchana, na kuchelewa posa ni dharau.

Sikumwambia mjomba kwamba rejeta ilikuwa inapungua maji. Kila asubuhi niliongeza maji ya kisima, haya yetu ya chumvi, nikafunga mfuniko, nikajiona fundi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tulipopita Msalato kidogo, mshale wa joto ukapanda na mvuke ukafumka. Nikaruka nje kwenda kufungua mfuniko.

"Acha!" mjomba akapaza sauti. "Unataka wakwe wakuone umechemshwa kama kiazi?"

Tukangoja injini ipoe. Jua lilituchoma, na saa ya ahadi ilizidi kusogea.

"Unaongeza maji mara ngapi?"

"Mara mojamoja, mjomba."

"Mara mojamoja ndiyo ipi?"

"Kila asubuhi."

Akaguna. "Mwaka mzima unamnywesha ng'ombe, hujiulizi kwa nini hanenepi?"

Hakushika chombo. Alisema mshenga hachafui suti, kwa hiyo nitengeneze mwenyewe. Akaniagiza nisitafute maji, nitafute alama yake. Nikapapasa kila mpira, nikachungulia chini ya pampu. Kwenye mpira wa chini, pale unapoingia kwenye rejeta, nikaona mstari mweupe wa chumvi iliyokauka. Maji hukimbia, mwanangu, lakini chumvi hubaki kutoa ushahidi. Nikalegeza klipu, nikauvuta mpira: ncha yake ilikuwa imepasuka. Nikakata kipande cha vidole viwili kwa kisu, nikaurudisha mpira kwa sehemu yake iliyo nzima, nikakaza klipu kwa bisibisi. Tukajaza maji yetu ya kunywa yote, tukawasha injini, tukakodoa macho. Halikudondoka hata tone. Nakwambia kweli, sijawahi kujivunia kazi ya mikono yangu kama siku ile, shati limejaa oili na magoti yana vumbi.

Tulifika wenzetu wameshakula. Mjomba akaingia, mimi nikabaki nje. Baada ya muda nikaitwa: "Yule dereva aje!"

Nikaingia, nikaamkia shikamoo. Baba wa binti aliniangalia shati, akauliza, "Mmechelewa kwa nini?"

Neno pancha lilinifika ulimini. Pancha humpata kila mtu, haina lawama. Mjomba alikuwa anatazama sakafu, hakunisaidia.

"Rejeta ilikuwa inavuja, baba," nikasema. "Nilijua tangu zamani, nikawa naongeza maji tu na kunyamaza. Leo gari limetuchemkia njiani, ndipo nimeiziba. Kosa ni langu, si la mshenga."

Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. "Anayekiri gari lake linavuja," akawaambia ndugu zake, "na nyumba ikimvujia atakuja kusema. Mpeni maji anawe, ale."

Kumbe alikuwa ameshajua kwamba dereva ndiye mposaji; hivyo ndivyo nilivyompata mama yenu. Nililala njaa safari nyingi baadaye, lakini ugali wa siku ile bado naujua ladha.

Basi shika haya. Kitu kikipungua kila siku, usikimbilie kukijaza, tafuta kinapovujia. Usifungue mfuniko wa moto, wala wa gari wala wa hasira. Rejeta itie maji yake maalumu, ya kisima yaache kwa dharura. Ukishajua ubovu, utengeneze kwa mikono yako, na ukiulizwa sema ukweli ungali na oili mwilini, hakuna aibu hapo.

Mungu akupe macho ya kuona ufa ungali mdogo, na akufikishe salama kwa watu wanaokungoja.