Mstari Mfupi Uhame

Hivi wewe unakubali kuongozwa na mtu ambaye wengi wenu mmemkataa? Usijibu haraka. Mwadini alikubali miaka mitatu mfululizo, naye si mjinga.

Mwadini ni fundi cherehani. Meza yake iko safu ya mbele kabisa katika jengo moja kuukuu la Jeppestown, Afrika Kusini, zamani kiwanda, ambamo sasa wamejipanga wasusi, wauza viungo, wauza simu na akina mama wa vitenge. Dirisha lake linatazama robot, kama wanavyoziita huko taa za barabarani. Taa ikiwaka nyekundu, magari husimama, mtu akageuza shingo akamwona anavyoshona, kesho yake akaja na kitambaa. Nusu ya wateja wake aliwapata hivyo.

Alitoka Tanga akiwa kijana. Kura ya kwao aliiacha huko huko, na ya Afrika Kusini si yake, ingawa kodi anailipa kila anaponunua mkate. Kura pekee aliyobakiwa nayo duniani ni ya chama cha wafanyabiashara wa jengo, naye aliipenda kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Siku ya uchaguzi huvaa koti.

Uchaguzi wenyewe hauna karatasi. Wagombea husimama uani, kila mtu hujipanga nyuma ya amtakaye, na mwenye mstari mrefu ndiye mwenyekiti. Kila mwaka mrefu ulikuwa wa Pitchou, muuza simu, rafiki wa mwenye jengo. Si kwamba wengi walimpenda. Wasiomtaka walikuwa wengi kuliko wake, ila walijigawa: hawa kwa Célestine, msusi wa Bukavu, wale kwa Karimu, muuza viungo wa Dar es Salaam. Wote wawili walidai choo kisilipiwe na mapato ya chama yasomwe hadharani. Walichogombania ni mikutano ifunguliwe kwa maombi ya nani, na nani akae katikati kwenye picha. Nchi nzima zimeliwa hivi hivi: wapenda haki wanabishana nani atangulie, mwingine anapita katikati yao na funguo.

Mwaka huu mambo yakawa mazito. Mwenye jengo alitaka safu yote ya mbele iwe duka moja kubwa la simu, na Pitchou akatangaza kuwa akishinda tena ataridhia. Waliopo mbele wangeshushwa chini ya ardhi, kwenye stoo ya zamani. Huko hakuna dirisha, na hakuna atakayegeuza shingo.

Mwadini alianza kwa Karimu, kwa kuwa ndiye aliyemfuata siku zote. Ijumaa walipotoka kuswali msikitini Mayfair alimweleza wazo lake: watu wajipange kama kawaida, lakini asiyepata nusu yao asiitwe mshindi. Mstari mfupi kuliko yote uvunjwe, watu wake wahamie kwa yule wanayemwona afadhali kati ya waliobaki, ndipo wahesabiwe tena.

"Yaani mimi nitoke jasho, halafu watu wangu nimpelekee yule mama?"

"Au yeye akuletee wake."

Karimu akalifikiria hilo la pili, likampendeza.

Célestine alimsikiliza huku vidole vikiendelea kusuka. "Papa Mwadini," aliuliza, "mustari ya Karimu itavunjika mbele ya watu wote?" Mwadini akasema inawezekana. Basi naye akakubali. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mfupi ni wa mwenzake, na kwa kiburi hicho hicho kanuni ikapita mkutanoni. Pitchou hakupinga. Alicheka tu, akasema hao wawili hawawezi kushirikiana hata kubeba ngazi.

Jumapili, watu walipotoka makanisani, ua ulijaa. Mistari ikanyooka. Wa Pitchou ulikuwa mrefu lakini haukufika nusu, wa Célestine ukafuata, na wa Karimu ndio uliokuwa mfupi. Msimamizi akatangaza uvunjwe. Hakuna aliyetikisika. Karimu alikunja mikono akatazama ukuta, na watu wake wakamtazama yeye.

Karimu ndiye aliyempokea Mwadini mjini hapa, akamtafutia chumba cha kwanza. Kumhama mbele za watu ilikuwa kama kumvua kofia. Akatoka hata hivyo, akavuka ua peke yake.

"Fundi, umeahidiwa magauni ya kwaya ya yule mama nini?" mtu alimrushia, na ua mzima ukacheka.

"Ya kwaya nashona tangu zamani," alijibu bila kugeuka. "Sitaki kwenda kuyashonea gizani."

Akasimama mwisho wa mstari wa Célestine. Muuza mitumba wa safu ya mbele akamfuata, kisha wawili, kisha kundi. Wapo waliokwenda kwa Pitchou, wapo waliokwenda zao nyumbani. Lakini hesabu iliporudiwa, Célestine alikuwa amevuka nusu, na akina mama wakapiga vigelegele. Karimu aliondoka bila kumuaga mtu. Salamu ya Mwadini hakuiitikia.

Asubuhi iliyofuata Mwadini alikuta wanaume wawili wa mwenye jengo wanapima safu ya mbele kwa futi, kana kwamba Jumapili haikuwapo. Célestine alikuwa amesimama mbele yao, aproni kiunoni, akiwaambia mwenyekiti ni yeye na hajaridhia chochote. Karimu akaingia, akawapita wote hadi kwenye viungo vyake. Halafu akarudi. Akasimama bega kwa bega na Célestine, akawaambia wale jamaa waache kupima. Célestine akamwambia amwachie, yeye ndiye mwenyekiti. Karimu akasema anaongea polepole mno, watu kama hawa hawaelewi upole. Wale jamaa walisubiri wapate upenyo wa kusema, wakaukosa. Wakakunja futi, wakapanda gari lao, wakaondoka. Célestine na Karimu hawakugundua mara moja, kwa kuwa walikuwa wanabishana nani amwandikie mwenye jengo.