Kasino Niliyoivusha Kwenda Kigamboni

Naomba mnicheke mapema, ili nikimaliza tuongee kama watu wazima, maana aibu niliyoipata mimi, mzee mwenye duka la sufuria Kariakoo na mvi za kutosha, si ya kumwachia mtu mwingine aisimulie. Nikimwachia jirani yangu Mangi ataitia chumvi mpaka isilike.

Chanzo ni maiki. Kulikuwa na mwekezaji aliyetaka kuligeuza godauni moja bovu la mtaani kwetu, huku upande wa Gerezani, liwe kasino, na mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano tuseme tunaitaka au hatuitaki, na kama tunaitaka ikae pale pale au isogezwe. Mimi nilikwenda kusikiliza tu (nilikaa nyuma kabisa, karibu na njia, ili niwahi kurudi dukani). Vijana wakasema ajira. Mama anayeuza chakula pale kona akasema wateja wataongezeka. Mangi, ambaye duka lake linatazamana na godauni, akasema, "Mtu akishaliwa mle ndani atatoka na hasira zake, na mlango wa kwanza atakaouona ni wangu." Kila hoja ilikuwa na uzito wake, na kusema kweli mimi mwenyewe sikujua nasimama wapi, kwa sababu kamari najua ni haramu, lakini wale vijana wasio na kazi nawajua pia, wanashinda barazani kwangu.

Basi mwenyekiti akaniona. Pale mtaani nina sifa ya kusema vizuri kwenye harusi, akasema, "Tumsikie mzee wetu wa sufuria." Ningeweza kutikisa kichwa, maiki ikampita mtu mzima akaendelea na maisha yake. Nikaipokea.

"Ndugu zangu," nikasema, "sisi hatugombani na mwekezaji. Kasino ijengwe!" Watu wakanigeukia. "Lakini ijengwe Kigamboni!" Wakacheka, na ile kuchekewa, jamani, ikanipanda kichwani kuliko pombe yoyote ambayo sijawahi kuionja. Nikaendelea. "Anayetaka kucheza apande pantoni pale Magogoni, na akiliwa, wakati wa kurudi upepo wa bahari utampoza. Kigamboni kuna nini? Minazi na mbuzi! Kule hakuna watu!" Makofi, vigelegele, Mangi ananipiga bega, mwenyekiti mwenyewe anafuta machozi ya kicheko. Nikarudi kukaa nikiwa nimevimba, na hakuna aliyekumbuka kuuliza kama tulikuwa tumeamua chochote.

Kumbe kijana mmoja alikuwa anarekodi. Klipu ikazunguka kwenye magrupu, na mpwa wangu Idrisa akanitumia ujumbe: "Mjomba, ile klipu yako imefika mbali." Nikamjibu kwa kile kidole gumba. Nilidhani ananisifu.

Sasa sikilizeni ubaya wake. Idrisa ni mtoto pekee wa dada yangu Zuhura, baba yake alifariki mtoto akiwa hajaanza shule, na mimi ndiye nimesimama mahali pa baba. Alikuwa amempenda msichana anaitwa Mwanaidi, kwa mapenzi yale ya kumfanya kijana aache kula, na dada yangu alikuwa ameniteua mimi niwe mshenga, nikaseme posa kwa wazee wa binti. Na kwao Mwanaidi ni Kigamboni.

Mtaniuliza, mzee, ulijua unakwenda kuposa huko huko, akili ulikuwa umeiacha wapi? Nimejiuliza sana. Nadhani nilipokuwa nimeshika maiki Kigamboni ilikuwa jina tu, mahali pa kutupia jambo linalotusumbua. Kigamboni ya akina Mwanaidi, yenye nyumba na wazee na mwali wetu, haikunijia kabisa.

Jumapili tukavuka, mimi na Zuhura, mimi na kanzu yangu iliyopigwa pasi ikanyooka. Tukapokewa na baba mkubwa wa Mwanaidi, Mzee Kondo, na shangazi yake. Tukakaa mkekani. Nikakohoa, nikaanza kama inavyoanzwa. "Sisi ni wapita njia. Tumepita hapa tukaona ua limechanua kwenye bustani yenu, tukasema tubishe hodi."

"Samahani, mshenga," Mzee Kondo akanikatiza kwa upole. "Hiyo bustani mmeiona wapi? Maana tumesikia huku hakuna watu."

Nyote mnajua upande wa mwali lazima uwasumbue wageni kidogo, ndiyo heshima yenyewe ya posa, mshenga anachokozwa na yeye anajibu kwa maneno matamu mpaka mlango ufunguke. Basi nikajua mchezo umeanza. Nikacheka kwa sauti. "Hata kama watu hakuna," nikasema, "ua lipo!"

Zuhura akanitazama kwa jicho la pembeni. (Yeye simu yake ni ya kitochi, klipu hakuwahi kuiona, lakini mwanamke huhisi.)

"Minazi ipo hapo nje," Mzee Kondo akaendelea, hacheki. "Mbuzi wapo nyuma ya nyumba. Sasa nyinyi mmekuja kuposa kipi?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajipiga paja. "Mkitunyima mwali, hata mbuzi tutaondoka naye!"

Hapo shangazi akaweka simu yake katikati ya mkeka, akaibonyeza, na sauti yangu ikatoka mle na makofi yake yote. Tukaisikiliza mpaka mwisho. Zuhura akavuta mtandio akafunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee Kondo hakufoka, na angefoka ningeona nafuu. Aliuliza swali moja tu. "Idrisa amenunua kiwanja huku, si ndiyo? Atamleta mwanetu akae hapa?" Nikaitikia. "Basi hiyo kasino, mshenga, wajukuu zako ndio watakaopita mlangoni kwake kila siku wakienda chuo kusoma Kurani. Uliwahesabu ukaona si watu?"

Nikaomba radhi. Akasema radhi ya mkekani haitoshi kwa kosa la kwenye maiki. Mshenga akikosea hutozwa faini, na yangu haikuwa ya fedha: nirudi mbele ya watu wale wale niyafute maneno yangu, wao wasikie, ndipo posa izungumzwe. Tukarudi bila jibu, na kwenye pantoni Zuhura alikaa upande mwingine. Idrisa alikuja jioni kusikia habari. Alipotutazama nyuso zetu akasema, "Pole, Mjomba," akaondoka. Bora angenitukana.

Mkutano ulipoitishwa tena nikaiomba maiki mwenyewe. Watu wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, wakijua raha inakuja. Nikasema, "Nilisema Kigamboni hakuna watu. Nilikosea. Kuna watu, na mtoto wangu anataka kuoa kwao na kuishi nao, na nimewavunjia heshima." Kicheko kikakatika. Kijana mmoja akapaza sauti, "Sasa mzee, unataka ijengwe wapi? Dukani kwako?"

Nilikuwa na jibu la kuwavunja mbavu, lilinifika kabisa kwenye ulimi. Nikalimeza. "Sijui," nikasema. "Nimeuzunguka mji wote kichwani nikitafuta mahali ambapo hakuna mtoto wa mtu, sijapaona. Kama tunaona ni kitu kizuri, tukipokee hapa hapa. Kama ni kibaya, tusimpe jirani." Hakuna aliyepiga makofi. Klipu ya safari hii haikuzungushwa na mtu, ilikuwa imebidi nimbembeleze Mangi anirekodi, akarekodi na kidole chake nusu ya skrini, nikaituma Kigamboni hivyo hivyo.

Jibu likaja kupitia kwa shangazi: wamekubali posa, lakini mshenga abadilishwe. Zuhura akamteua Mangi, Mchaga wa watu aliyezaliwa kwenye migomba kule Kilimanjaro, ambaye hakuwahi kuvaa kanzu maishani, akaenda na yangu. Nasikia alizungumza kidogo sana, na walimpenda.

Godauni bado limesimama, na uamuzi bado hatujaupata, tunabishana. Mimi maiki siishiki tena, hata ya harusi, na nikisikia mtu anasema kitu fulani kipelekwe kule, namuuliza kwanza huko kule wanakaa akina nani.

Siku hizi navuka mara kwa mara kuwatembelea Idrisa na mkewe. Njia ya kwenda kwao imejaa watoto wanaocheza mpira, na wakiniona wanausimamisha ili nipite. "Shikamoo, babu!" wanasema wote kwa pamoja. Naitikia marahaba huku nimeinamisha macho, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba hawapo.