Mkwezi Hali Mlenda

Mkwezi hali mlenda. Hilo ndilo sharti ambalo Mramba Mwaro wa Kakuyuni alilishika tangu siku aliyopanda mnazi wake wa kwanza hadi alipokaribia miaka hamsini. Alilirithi kwa baba yake, mzee Mwaro, mkwezi wa kusifika aliyeweza kuangua nazi za shamba zima kabla jua halijawa kali. Maana ya sharti ilionekana wazi: mlenda huteleza, na mkwezi anayeteleza huzikwa.

Kama Mramba angeishia kwenye mlenda, pasingekuwa na la kumlaumu. Lakini mtu asiyependa kitu, ukimpa sharti dogo, hulitanua hadi limtoshe. Alianza kwa kuacha mlenda. Baadaye akaacha bamia, kwa kuwa bamia na mlenda ni ndugu. Kisha mchicha, kwa kuwa ukipikwa hulainika. Yakafuata majani ya kunde, kisamvu, mabilinganya, na mwishowe hata kachumbari, ambayo haijapata kumwangusha mtu kutoka mnazini. Mkewe, Kanze, alipomuuliza kachumbari ina kosa gani, alijibu, "Ina maji."

Ukweli ni kwamba Mramba alichukia mboga tangu utotoni. Mwaka mmoja wa njaa mama yake aliwapikia mtsunga siku baada ya siku, yale majani machungu yanayojiotea shambani, bila tui na bila chumvi ya kutosha. Uchungu ule haukumtoka kinywani. Sharti la baba yake lilimpa tu njia ya heshima ya kukataa kile alichokwisha kukikataa.

Basi akala alivyotaka. Asubuhi chai ya sukari nyingi na mahamri. Mchana sima na samaki wa kukaanga, na nyama ikipatikana. Jioni viazi karai vya kibandani, na soda ya kuteremshia. Kanze alikuwa akipika mchicha na kuuweka mbele yake, naye akiusukuma kwa kidole hadi ukingoni mwa sinia.

"Baba Kadii, hata kijiko?"

"Hayo ni malisho, Mama Kadii. Umeniona na pembe?"

Watoto walicheka, na Kanze alicheka pia, jambo ambalo halikuwa sawa. Mzaha wa baba mezani ndio mafunzo ya watoto.

Mwili hauna haraka, ila hausahau. Tumbo la Mramba likaanza kutangulia mlangoni. Mnazi aliokuwa akiupanda kwa pumzi moja sasa aliupanda kwa vituo. Dzombo, mkwezi mwenzake waliyeanza kazi pamoja, alikuwa akikaa chini na kumwita, "Mramba, ndugu yangu! Wewe umeupanda mnazi au mnazi umekupanda wewe?"

"Nafurahia mandhari," Mramba alijibu kutoka katikati ya shina.

Siku aliyoaibika, aliaibikia mahali pabaya kuliko pote: nyumbani kwa mama mkwe wake, Kabibi. Mama huyu alikuwa mjane mwenye minazi mizuri upande wa pili wa Kakuyuni, na tangu Mramba alipomwoa Kanze, ni yeye mkwe aliyemwangulia nazi. Hakuna aliyemlazimisha. Ni heshima ya mkwe, na kwa hilo Mramba alistahili sifa.

Asubuhi hiyo, Dzombo akiwa chini akisaidia kuokota, alipanda mnazi mrefu ulio karibu na jiko. Alipofika zaidi ya nusu, pumzi zikakata, macho yakaingia kiza, miguu ikagoma juu ya vidato, yale makato yaliyochongwa kwenye shina kwa ajili ya kupandia. Akaukumbatia mnazi kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akapiga kelele.

"Dzombo! Dzombo we! Nafa!"

Dzombo alipanda na kamba, akamfunga chini ya makwapa, akamshusha kidato kimoja kimoja kama anayemfundisha mtoto kushuka ngazi. Njiani shati la Mramba likanasa, likapanda hadi kifuani, na tumbo lote likabaki nje, limejaa michubuko ya gome. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawazungumzi ana kwa ana, seuze kuonana matumbo. Kabibi alijifunika uso kwa leso, akageukia ukuta wa jiko, na akabaki hivyo hadi mkwewe alipofika chini na kufichwa nyuma ya zizi.

Kanze alimpeleka kituo cha afya. Muuguzi aliyewapokea, dada mmoja aitwaye Nelly, alimpima presha, akampima tena kwa kutoamini, kisha akampandisha kwenye mizani.

"Baba, mboga za majani wala?"

"Mimi ni mkwezi."

"Sijauliza kazi. Nimeuliza mboga."

"Mkwezi hali mlenda," alisema Mramba.

"Na mchicha? Na maembe? Na papai?"

Kanze akadakia, "Maembe huuza. Papai huwapa kuku."

Nelly alichukua sahani ya chai yake, akaigawa kwa kidole. Nusu hii ni mboga na matunda. Robo hii ni sima au wali. Robo hii ni samaki, maharage au nyama kidogo. Soda na vya kukaanga, ni vya sikukuu. Alimpa dawa za presha na kumwonya asizikatishe. "Na mnazini usipande mpaka niseme mimi. Ukipanda hivi ulivyo, siku moja Dzombo wako atashusha maiti."

Mtu mwenye busara angeanza siku hiyo. Mramba alikunywa dawa, kwa kuwa dawa si jani, akaacha kupanda minazi, akakaa kibarazani. Aliona ni heri kuacha kazi ya baba yake kuliko kula mchicha. Hilo ndilo lililonishangaza katika habari zake, kwamba mtu aweza kudai anatunza mila ya ukwezi hata baada ya kuutupa ukwezi wenyewe.

Hapo ndipo Kabibi aliposimama imara. Dzombo alipokwenda kumwambia kuwa ataangua yeye, alijibiwa, "Ahsante mwanangu. Nazi zangu zina mkwezi wake."

"Mama, mkwezi wako amekaa kibarazani ana tumbo kama mtungi."

"Basi zitamngoja."

Nazi zikamngoja. Zikakauka mtini, zikaanza kuanguka zenyewe. Nyingine zilichukuliwa na wapitao, nyingine zilioza nyasini. Moja ilianguka juu ya mtungi wa maji uliokuwa kando ya jiko, ukawa vigae. Mavuno hayo yakapotea yote. Mramba alimtuma Kanze akambembeleze mama yake amwite Dzombo, na Kanze akarudi na jibu fupi: "Mama anasema, kama umeshindwa, nenda ukamwambie mwenyewe."

Akaenda na Kanze. Alivaa shati lake la kanisani, refu la kufika chini ya mkanda, akaketi kwenye kigoda uani, ameipa nyumba mgongo kidogo kama inavyopasa. Kabibi alikuwa ndani ya jiko, nyuma ya ukuta wa makuti. Kati yao palikuwa na kuku mmoja mweusi anayedonoa majani ya mchicha, na kuku huyo ndiye aliyezungumzishwa.

"Kuku wangu," sauti ikatoka jikoni, "wewe wala majani kutwa, na jioni waruka hadi juu ya paa. Wako wanaume hawali majani, na paa hulitazamia chini."

Mramba alikohoa. "Kuku, mwambie mama mimi nimekuja kuomba radhi. Kazi imenishinda. Na mboga mkwezi haruhusiwi, ni sharti la baba yangu."

"Kuku, muulize mgeni: mlenda huteleza tumboni au mkononi?"

Mramba alivitazama viganja vyake.

"Mwambie marehemu mume wangu na Mwaro walifunzwa kupanda na mzee mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa nawapikia. Asubuhi moja Mwaro alikula sima kwa mlenda, akajifuta mkono kwenye suruali, akapanda. Alishuka upesi kuliko alivyopanda. Yule mzee akasema: mkwezi hali mlenda akapanda bila kunawa. Watu wakaondoka na mwanzo wa maneno, mwisho wake wakauacha pale chini ya mnazi, na Mwaro, kwa aibu ya kuanguka, hakuukumbusha mtu."

Kuku akaendelea kudonoa.

"Kuku," Mramba alisema taratibu, "una hakika?"

"Mwambie baba yake alikula mlenda wangu hapa hapa jikoni mpaka alipozeeka. Aliupenda. Alikuwa akinawa tu."

Kisha sinia ikaletwa na Kanze, ikawekwa mbele yake. Samaki wa kuchoma, sima ndogo ya kutosha ngumi moja, kipande cha papai, na bakuli lililojaa majani: kunde na mtsunga vimechanganywa, vimepikwa kwa tui. Mramba aliutambua mtsunga hata kabla ya kuinama. Lakini chakula cha mama mkwe hakirudishwi jikoni. Mkwe anayekirudisha amemrudisha na binti.

Alimega sima, akachovya, akafumba macho kama alivyofumba juu ya mnazi.

Akafumbua.

Uchungu ulikuwepo, lakini mbali, kama mtu anayeita kutoka shamba la pili. Majani yalikuwa yamechemshwa kwanza na maji machungu yakamwagwa. Kunde ziliupunguza ukali, tui likaufunika, ndimu ikaukata. Mramba alimega tena. Akala hadi chini ya bakuli pakaonekana, akalipangusa kwa tonge la mwisho.

"Kuku," akasema, "mwulize mama kama jikoni kumebaki."

Jikoni kikasikika kicheko cha mama mtu mzima aliyejiziba mdomo kwa leso, kikamshinda, kikatoka.

Asije mtu akadhani bakuli moja lilimgeuza. Kesho yake Mramba alitamani viazi karai, na keshokutwa alivinunua, akavila vyote akiwa amejificha nyuma ya kibanda. Kanze alimgundua kwa mafuta ya shati. Tabia ya miaka mingi haiondoki kwa siku moja, na anayesema imeondoka humdanganya mwenziwe. Kilichomsaidia Mramba ni kwamba Kanze alijifunza kupika upya. Alikwenda kwa mama yake akaoneshwa jani gani huchanganywa na lipi, lipi hutaka tui na lipi hutaka nyanya tu, lipi huiva kwa kupitishwa motoni. Mramba akagundua kuwa mchicha aliouchukia ulikuwa mchicha uliopikwa kupita kiasi. Akaanza kuuliza mapema, "Mama Kadii, leo tuna nini cha kijani?" Akapanda kunde na bamia nyuma ya nyumba, akazimwagilia mwenyewe. Papai likakoma kuwa la kuku. Soda ikabaki ya sikukuu, ingawa Mramba alianza kuzikumbuka sikukuu za dini zote.

Mavuno ya pili ya Kabibi yalipotea katika miezi hiyo. Dzombo alijitolea tena na akakataliwa tena.

Kila alipokwenda kupimwa, Nelly alitazama mizani, akatazama kipimo cha presha, akatikisa kichwa. Kisha siku moja hakutikisa. "Panda baba," alisema. "Dawa endelea nazo, na anza na minazi mifupi."

Mramba alianza na mifupi, kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Mnazi ulio karibu na jiko aliuacha wa mwisho.

Siku ya kuupanda huo, alifika na Kanze asubuhi, na Dzombo akafuata na kamba begani, "kama tahadhari," alisema, "nisije nikaitwa tena nikiwa mbali." Kabla ya kazi ikaletwa sinia. Juu yake palikuwa na sima, dagaa, vipande vya embe, na bakuli la mlenda, mzito, unaovutika kama uzi.

Dzombo alicheka mpaka akaketi. "Mama leo ataka kutuua!"

Mramba aliutazama mlenda. Hiyo ndiyo mboga pekee ambayo alikuwa bado hajairudia. Alimega tonge, akachovya, ukamfuata kama kamba hadi mdomoni. Akatafuna. Akala mpaka ukaisha. Alipoinua macho akaona kuwa mlangoni mwa jiko pamewekwa beseni la maji, kipande cha sabuni na taulo safi. Akanawa viganja, akanawa kati ya vidole, akanawa hadi viwikoni, akajikausha.

Kisha akapanda. Alipumzika mara moja, kwa hiari yake, akaendelea. Walioko chini walisikia panga likikata, na nazi ya kwanza ikatua kwa kishindo. Ikafuata nyingine, na nyingine. Kanze alipiga vigelegele. Dzombo akapiga kelele, "Oya! Umeupanda wewe!" Na Kabibi, ambaye hakupaswa kumtazama mkwewe, alitoka jikoni na kusimama uani akiwa ameinua uso kabisa, kwa kuwa mtu aliye juu ya mnazi hatazamwi usoni.

"Kuku," alisema kwa sauti ya kufika juu, "mwambie asisahau lile kole la nazi la upande wa zizi."

"Kuku, mwambie mama nimeliona!"

Siku hizi Mramba huwafundisha vijana wa Kakuyuni ukwezi, na sharti huwapa lote: mkwezi hali mlenda akapanda bila kunawa. Lile la nusu alilolishika kwanza lilimgharimu mama mkwe wake mavuno mawili ya nazi na mtungi mmoja wa maji. Mtungi alimnunulia mwingine. Nazi hazikurudi.