Mazoezi ya Kilio cha Mama

Mama yangu alihudhuria matanga ya watu miaka mingi, na kila alikokwenda alifunua sufuria. Mboga ya sombe ikikosa chumvi alisema papo hapo, hata kama marehemu bado yuko sebuleni. Kwa hiyo daktari alipomwambia kwamba moyo wake umechoka, jambo la kwanza aliloniuliza tulipofika nyumbani Shituru halikuhusu dawa.

"Pa kilio yangu, bajukulu batanicheka?"

Kwetu mzee akifa, wajukuu ndio wenye ruhusa ya kuchekesha. Huvaa nguo zake, huiga mwendo na maneno yake, na wafiwa hawana haki ya kukasirika. Lakini mimi nasali katika kanisa ambalo mambo hayo huitwa ya kipagani, na mchungaji wetu hana mchezo. Nikamjibu mama kwamba hafi, kwa jina la Yesu.

"Yesu mwenyewe alikufa," akasema. "Minye napita Yesu?"

Nilinuna. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona tukilizungumza jambo lile tutakuwa tumeliita. Yeye naye alikuwa na hofu yake, nami nilichelewa kuitambua: aliogopa kuzikwa kimya kimya, kama mtu ambaye hakuna aliyemjua.

Jumamosi moja akaitisha mazoezi uani. Binti yangu, ambaye tayari ni mtu mzima, alijifunga kitambaa cha bibi yake, akashika kiuno, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria yangu, akaonja.

"Chumvi ya humu ilienda na nani?"

Mama alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamsahihisha.

"Hapana, mutoto. Minye naangaliaka kwanza muntu mwenye kupika, kisha naonja."

Wakarudia mara tatu. Halafu mama akasema sasa amebaki mtoto wa marehemu, akainuka kitini, akawa mimi. Akapiga yowe, "Mama, unaniacha na nani!" Akanyanyua mikono juu, tayari kujitupa chini. Papo hapo akasita, akatazama huku na huku akitafuta mahali pakavu, akakusanya kitenge chake vizuri, ndipo akaanguka polepole, kwa makalio. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, nikamwahidi kwamba wajukuu watacheka, na mchungaji niachiwe mimi.

Aliishi misimu miwili ya mvua baada ya hapo, kila wiki akiongeza masahihisho. Ulikuwa wakati mzuri.

Siku tuliyomtoa nyumbani, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na ua umejaa tope. Jeneza lilipovuka mlango nilipiga yowe lile lile, kwa maneno yale yale. Nikanyanyua mikono. Na macho yangu, naapa sikuyatuma, yakaanza kutafuta mahali pakavu.

Binti yangu alikuwa amesimama mbele yangu, kitambaa cha bibi yake kichwani. Akaelekeza kidevu kando ya ukuta.

"Pale, mama. Pale hakuna potopoto."

Nikacheka kwa sauti mbele ya watu wote, machozi yakinitiririka. Mchungaji, ambaye nilikuwa nimemwomba avumilie, akainamia Biblia yake. Nikakusanya kitenge changu vizuri, nikaenda kuanguka pale.