Mitungi ya Sidi Inayotoa Jasho

Kaskazi ya mwaka wa tisini na saba iliwaka hata paka wa Mji wa Kale wakawa hawabanduki ubavuni mwa mitungi. Mifereji ilikohoa upepo mtupu. Na uani kwa Bi Thureya, mchicha na bamia za Sidi zilikuwa zimelala chali.

Sidi alikuwa mpangaji tu. Asubuhi alifagia ofisi huko Mbaraki, jioni akalima kile kiua, ambacho hakikuzidi mikeka minne. Mgiriama, alipenda kusema, halali mahali pasipoota kitu.

"Mwanangu," Bi Thureya alimwambia siku ya kwanza ya Ramadhani, "maji ya kunywa yaja kwa mkokoteni, nawe wanywesha mchanga? Idi pili mafundi waja. Ua n'talitia simiti."

"Nipe mpaka hiyo Idi, Bi. Ukilikuta limekauka, simiti nitaikoroga mwenyewe."

Alisema kwa ujasiri. Ua likienda, atabaki na chumba na ufagio.

Kesho yake, akichota maji ukumbini, aliona ajabu. Kando ya mtungi wa kunywea, kwenye ufa wa sakafu, mche wa mchicha umesimama, majani mapana, na hakuna aliyepata kuumwagilia! Akaupapasa mtungi. Ubavu mzima ulikuwa jasho tupu. Kumbe! Kama jasho la mtungi lalisha mche bila mtu kujua, je, mtungi ukizikwa katikati ya mizizi?

Jumamosi akaenda Marikiti kwa Kasyoka, muuza vyungu.

"Nataka mitungi sita, ile inayotoa jasho kupita kiasi."

Kasyoka akashika kiuno. "Dada, hiyo watu hunirudishia kwa matusi! Wewe waja kuitafuta?"

"Ndiyo. Nitolee uliyoificha."

Akaifikisha nyumbani, akaiacha mlangoni, akaenda kazini. Jirani yake Jamaldin, fundi seremala, akaona haya mitungi mipya kukaa hivi hivi bila urembo. Sidi aliporudi, yote sita ilikuwa inang'aa kwa rangi ya mafuta, kijani kama milango.

"Nimekufanyia ihsani, dada!"

Sidi akashukuru. Akaizika hadi shingoni, akaijaza maji, akaifunika kwa vigae.

Siku ya tatu maji yalikuwa palepale, hayakushuka hata upana wa kidole. Bamia mbili zikafa. Bi Thureya akachungulia dirishani. "Sasa umefuga maji, mwanangu?"

Sidi akauchimbua mtungi mmoja. Nje mkavu kama mfupa. Akakwaruza rangi kwa ukucha, na pale ilipobanduka kukatokea kitone.

"Jamaldin! Ihsani yako imeiziba pumzi!"

Jamaldin akashika kichwa. "Yallah! Mie nilidhani mtungi ni kama mlango." Akaleta msasa, wakasugua. Adhana ya magharibi ilimkuta na mtungi wa sita mapajani, swaumu kinywani, ndevu kijani kibichi.

Ikazikwa upya. Safari hii maji yakashuka, taratibu, kimya kimya. Juu mchanga mkavu, jua halina cha kuiba. Chini mizizi imeikumbatia mitungi kama watoto na mama yao. Zamani Sidi alimwaga madumu mawili kila jioni. Sasa matatu yalimfikisha siku ya nne.

Idi pili mafundi wakaja na mifuko yao. Bi Thureya akawatangulia uani, akasimama ghafla. Bamia zilimfika kiunoni, zimetunga. Mchicha umefumana hata nyayo hazina pa kupita. Akainama, akatia kidole mchangani: mkavu. Akachimba zaidi, kidole kikatoka na tope.

"Ulimwagia lini hapa?"

"Juzi, Bi."

Fundi mmoja akahema chini ya mfuko. "Simiti tuimwage wapi, mama?"

"Nimwagie kichwani! Huoni bamia, weye? Ipeleke darini, kwavuja."

Mafundi wakapanda ngazi wakinung'unika. Bi Thureya akakunja buibui lake, akaelekeza kwa kidole kile kile chenye tope.

"Nizikie na mie mmoja, pale upande wa jikoni. Nataka mrehani."

Sidi alikuwa keshashika jembe.