Kiti Huyu Amechoka

Mume wangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Redio. Mimi ndiye niliyeolewa na hiyo Redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Watu humiminika kwake hata nywele hazijaota, wanafuata maneno tu. Utani wake mkubwa ni kuvigeuza vitu kuwa watu. "Kiti huyu amechoka kukaliwa. Na mkasi leo kanuna, hajanywa chai." Akishasema hivyo ananyamaza, anainua nyusi moja, anangoja ucheke. Usipocheka anasema, "Haya, nitacheka mwenyewe," na kweli anacheka. Jamani, tangu uchumba wetu nausikia utani huohuo!

Mwaka jana maneno yakaanza kumponyoka. Alishika chanuo akaliita sahani. Halafu siku moja akaanguka dukani mwili mzima ukitetemeka, mteja akatoka mbio kichwa kimenyolewa upande mmoja. Hospitali wakampiga picha, wakaona uvimbe kwenye ubongo, umekaa jirani kabisa na mahali pa kusemea. Daktari wa upasuaji hakutuficha: ukiachwa utakua, ukikatwa vibaya mgonjwa anaweza kupoteza usemi. Redio bila sauti si sanduku tu?

Daktari akatuletea binti mmoja, mtafiti wa uvimbe wa ubongo. Alitueleza kwamba mume wangu atapasuliwa akiwa macho, maana ubongo wenyewe hausikii maumivu. Watagusa sehemu moja moja kwa umeme mdogo huku yeye akionyeshwa picha na kuzitungia sentensi. Akikosea, hapo hapakatwi. Binti alikuwa anachunguza sehemu ambazo zikiguswa, mtu bado analijua jina la kitu ila anachanganya "hiki" na "huyu".

"Sema, baba: kikombe hiki kimevunjika."

"Kikombe huyu amevunjika, maskini, mpelekeni wodini," akajibu mume wangu, nyusi juu.

Binti akashusha pumzi. "Sasa siku yenyewe nitajuaje kama amekosea au ananitania?"

"Mkataze," nikasema.

"Nimemkataza asubuhi nzima, mama."

Basi nikajikuta nimevishwa gauni la kijani na barakoa, nimeketishwa mbele ya uso wake ndani ya chumba cha upasuaji, niwe mfasiri wa utani. Shuka lilinikinga nisione kichwa chenyewe, nashukuru sana. Binti akaonyesha picha, Redio akasema. "Mlango huu umefunguka. Ndoo hizi zimejaa." Safi kabisa. Kisha, "Kiti huyu amechoka," nyusi juu, anangoja.

"Anatania!" nikasema kwa hasira. "We mwanamume, kichwa kiko wazi bado unaleta mchezo?"

Manesi wakacheka, naye akaridhika. Ikaja picha ya kikombe.

"Kikombe huyu amevunjika."

Nyusi haikupanda. Hakungoja mtu acheke. Alikuwa anaiangalia picha tu.

"Hatanii!" nikapiga kelele. "Acheni hapo, hatanii!"

Daktari akaondoa umeme. Picha ileile ikarudi, na mume wangu akasema sawasawa, "Kikombe hiki kimevunjika." Wakarudia, ikawa vilevile. Pale wakapaacha, wakakata pembeni. Kilichobaki ni kidogo, kitatibiwa kwa mionzi na dawa. Kilichotoka, binti alikipeleka maabara ili chembe zake zioteshwe na kujaribiwa dawa mpya.

"Kitawachosha kwa maneno huko," nikamwambia.

Daktari alinionya kwamba hata hivyo usemi unaweza kuyumba baadaye. Walikuwa wamemlaza kwa dawa walipofunga kichwa, nikakaa kando ya kitanda, na ule ukimya ukanitesa. Mtu niliyemwomba anyamaze maisha yangu yote, sasa namwomba Mungu aongee. Jioni akafumbua macho, akanitazama, midomo ikacheza.

"Mke wangu... kimefika."

Moyo ukanilipuka paa! Kimefika? Mimi? Nikainuka kumwita daktari, machozi yananitoka, nikageuka kumtazama mara moja tu. Chini ya bandeji, nyusi moja ilikuwa imepanda. Ananingoja.

Nikakaza uso. Nilimnyima kicheko makusudi, mshenzi yule.

"Haya," akasema polepole, "nitacheka mwenyewe."

Hakuniwahi. Nilicheka mimi, kwa sauti, mpaka wodi nzima ikageuka.