Istikhara ya Bi Masouda

Nyumbani kwa Bi Masouda, huko Mawaleh, Maskati, watu wamejaa tele na wa kuzungumza naye ni mmoja. Mwanawe Muatasim Kiswahili anakisikia, ila hukijibu kwa Kiarabu, mbio mbio, funguo za gari mkononi. Mkewe Wijdan kwao Nizwa, Kiswahili hakijui. Mkwe mwema, hana neno, lakini umsimulie mambo ya Unguja atabasamu tu. Amebaki mjukuu, Jawaher. Huyo jioni hukaa na bibi yake wakanywa chai, wakasengenya ukoo mzima kwa Kiswahili mpaka mbavu ziwaume.

Sasa Jawaher kamaliza skuli, na vyuo viwili vimemkubali. Cha Salalah kitamsomesha tiba ya viungo, ndiyo anayoitaka tangu alipomfanyisha bibi yake mazoezi ya goti. Cha hapa Maskati kina nafasi ya masomo ya maabara. Na Salalah si karibu hata kidogo. Ukenda umekwenda, mpaka likizo.

Ilipobaki siku moja ya kujibu, akaja kumkalia bibi yake kitandani.

"Bibi, nsalie istikhara. Mie nimo katika siku zangu, na kesho lazima nchague."

"Mie?"

"Nani mwengine? Utakachokiona ndicho ntakachokifata."

Baada ya Isha Bi Masouda akatandika msala. Kumuomba Mungu akuchagulie lenye kheri, sharti uende na moyo mtupu, usiwe umeshachagua. Na wake, masikini, ulikuwa umejaa. Rakaa zote mbili alikuwa akiziona nguo za Jawaher zinavyokunjwa kutiwa sandukuni. Akatoa salamu, dua isimtoke mdomoni. Akajaribu tena, wapi! Tuseme kweli, alikuwa na khofu ya kukaa kimya mpaka kufa kwake.

Asubuhi Jawaher akamuuliza, "Umeonaje?"

"Moyo umeelekea hapa hapa, mwanangu."

Basi. Mtoto hakubisha. Akambusu kichwani, akabonyeza simu yake, mambo yakaisha.

Haya, chuo kikaanza. Jawaher anatoka alfajiri kukwepa foleni, anarudi Magharibi macho mekundu, anakula kasimama, kisha anajifungia kukariri majina ya vijidudu kwa Kiingereza. Chai ya jioni Bi Masouda anakunywa peke yake. Na upweke umezidi, maana hata wa kumlalamikia hana.

Juzi alimkuta Jawaher kakaa ngazini, kaegemeza kichwa ukutani. Akakaa naye.

"Siipendi maabara, Bibi. Siku nyengine nnalia garini," Jawaher akasema. "Kisha nnakumbuka kuwa hatukuchagua sisi, si mimi wala si wewe. Kama si ile istikhara yako ningeshaacha. Mungu hakosei, au vipi?"

Neno la kweli lilikuwa lishamfika Bi Masouda kooni. Akautazama ule uso uliochoka, unamngoja.

"Hakosei, mwanangu."

Jawaher akanyanyuka, akenda kusoma. Bi Masouda akabaki ngazini. Adhana ya Isha ikatoka, naye akaona haya kunyanyuka kwenda kutandika msala.